Sarafu Yenye Pengo

"Hiyo si yako, Zenobia. Iweke chini."

"Nimeirithi kwa marehemu mama. Au unataka nikuletee na cheti chake cha ubatizo?"

Walikuwa mlangoni kwa Fundi Camarena, mfua fedha, hapa San Jerónimo de Tunán, milimani Peru, na majirani walishaanza kurefusha shingo. Tangu bei ya madini ya fedha ipande, kila kisanduku kimefunguliwa. Sarafu kongwe zimetoka chini ya magodoro na ndani ya soksi za marehemu, maana sehemu tisa kwa kumi ni fedha tupu, na fundi haulizi umeitoa wapi, anapima tu. Zenobia Orihuela alileta saba. Sita ni za urithi kweli. Ya saba alitaka iyeyuke pamoja na hizo nyingine kabla mtu hajaiona, na hapo ndipo Delia Suasnábar, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipopita na kapu lake.

"Gramu ishirini na tano kasoro kidogo," fundi alisema. "Ina pengo ukingoni. Mama zangu, moto hauulizi ukoo. Niyeyushe, nisiyeyushe?"

"Pengo nililikata mimi kwa patasi," Delia alisema. "Ili mpita njia asidhani imedondoka."

Kwa watu wa hapa, hilo halihitaji mkalimani. Mtoto akishtuka roho ikabaki nyuma, husuguliwa mwili mzima kwa sarafu ya fedha, kisha sarafu hukatwa pengo na kuachwa njia panda. Hofu hubaki nayo, roho hurudi kwa mwenyewe. Lakini ikiokotwa kabla jua halijachomoza, roho hupotea njia, ikamfuata aliyeokota.

Zenobia aliiokota alfajiri moja akienda sokoni, mfuko mtupu. Pengo aliliona. Fedha ni fedha, alijiambia. Siku ya saba Maruja, binti pekee wa Delia, akafa, na Zenobia ndiye aliyewapikia waombolezaji; kuiuza sarafu hakuthubutu tena. Miaka kumi na moja sasa, nyuma yake hutembea miguu midogo mitupu. Akisimama, inasimama. Wageni huwaambia ni panya.

"Jamani, gaweni nusu kwa nusu twende zetu," mtu mmoja alitania, wenzake wakacheka.

Fundi aliinua sarafu kwa koleo juu ya chungu chekundu kwa moto. Hapo, mchana kweupe, katikati ya kelele za watu, Zenobia aliisikia miguu ile ikiingia karakanani haraka haraka, na mara hii haikusimama nyuma yake. Ilipita. Ilikuwa inakwenda kwenye moto.

"Irudishe, fundi," alisema. "Si ya mama. Niliiokota pale njia panda, Delia. Pengo nililiona."

Delia aliweka kapu chini polepole.

"Siku ile ungeiuza, ungepata nini?"

"Nusu gunia la viazi. Labda."

"Nusu gunia." Delia alilionja neno hilo kama chumvi. "Na yeye? Unamsikia?"

"Kila siku."

"Anatembeaje?"

"Anaburuza mguu wa kushoto, kidogo tu."

Delia alifumba macho; ndivyo Maruja alivyokuwa akitembea. Kisha akanyoosha mkono, fundi akamwekea sarafu kiganjani, bado ina joto la chungu. Alikunja ngumi, akaondoka bila kapu lake. Zenobia alilibeba akamfuata, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na njia nzima, katikati yao wawili, kile kiguu kilikuwa kikiburuzwa vumbini.

Mlangoni Delia aligeuka. Hakumtazama Zenobia, alitazama chini, usawa wa goti.

"Supu ya mahindi iko jikoni tangu asubuhi," alisema. "Ingia ule, jirani. Na yeye mwambie aingie, ni kwao."