Saa Kumi Isiyo na Alama

Wajumbe wa baraza la mji walimwita Mama Ratiba, na jina hilo alilipenda, ingawa ungemwambia hivyo angekukatalia katakata. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wao. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na kazi yake na nyumba yake, na kuwakutanisha chumba kimoja kulimtoa mtu kijasho chembamba.

Yeye alikuwa na ujanja wake. Hakumuuliza mtu ana nafasi lini. Ukimuuliza hivyo atakujibu, "Wakati wowote, Mama," halafu siku yenyewe humwoni hata kivuli. Yeye aliuliza, "Saa yako mbaya ni ipi?" Hapo watu husema kweli. Mwoka mikate hakubanduka kwenye tanuri mpaka saa nne asubuhi. Mwalimu alifundisha mpaka saa tisa. Muuguzi aliingia zamu saa kumi na mbili jioni, na saa hiyohiyo mama wa mapacha alikuwa na vichwa viwili vya kuogesha. Kila saa mbaya aliipiga mstari mwekundu kwenye kipande cha boksi kilichoning'inia nyuma ya mlango wa ofisi.

Mwaka huu, msimu wa bajeti ulipofika na kamati zote zikalazimika kukaa kila wiki, boksi zima likawa jekundu. Ilibaki safu moja tu isiyo na alama, Jumatatu mpaka Ijumaa: saa kumi jioni.

Saa kumi ilikuwa ya mama yake.

Bi mkubwa akili ilikuwa ikimpotea, mwaka wa pili sasa. Asubuhi alimwita bintiye "wewe dada", kama mtu wa kupita njia. Usiku ukikaribia alilia arudishwe kwao. Lakini saa kumi, akishakunywa chai yake, macho yalimrudi. "Kitindamimba wangu, umeshafika?" alisema, na hapo wakapiga soga, wakamsengenya shangazi mpaka mbavu ziwaume. Ilikuwa saa moja tu, kisha anapotea tena. Daktari hakumficha. "Hata hiyo saa itaondoka. Labda miezi, labda wiki. Usiichezee."

Siku ya kupitisha ratiba, mwenyekiti, mzee mwenye duka la vipuri, alizungusha macho mezani. "Saa kumi jioni. Kuna mwenye pingamizi?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa karani na maneno yalikuwa kooni. Lakini karani si mjumbe, hapigi kura, basi akajiona hana haki ya kuwa na saa mbaya. Hakuna aliyemwekea sheria hiyo, aliitunga mwenyewe na kuitii miaka yote. Mtu unatamani umfinye! Akainama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Hakuna aliyepinga."

Tangu hapo alifika nyumbani saa kumi na mbili. Wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyeshinda na mgonjwa, na alimpokea mlangoni na habari.

"Leo alikuwa mzima kabisa, wifi. Kakuulizia."

"Ukamwambiaje?"

"Uko mkutanoni. Akasema haya, atakusubiri."

Siku nyingine ilikuwa, "Leo kanisimulia ulivyotumbukia kwenye pipa la maji ukiwa mdogo. Tumecheka, we acha tu!" Karani naye akacheka, kisha akaingia bafuni akafungulia bomba ili asisikike akilia. Alimwonea wivu wifi yake, na akaona aibu kumwonea wivu mtu anayemwogeshea mama.

"Si uwaambie?" wifi alimjia juu wiki ya tano. "Huna mdomo?"

"Bajeti ikiisha."

"Bajeti! Mama ndiye anayeisha."

Wiki ya sita wifi hakuwa na habari mlangoni. Alisema tu chakula kiko mezani. Karani hakuthubutu kumuuliza kwa nini.

Wiki ya saba, kamati ikibishana kuhusu mtaro wa barabara ya machinjioni, muuguzi alichungulia daftari la muhtasari. "Mama Ratiba, mbona tarehe ya leo umeiandika mara tatu?"

Ndipo yakamtoka yote, kwa sauti ya chini, huku akiikunja pembe ya karatasi. Mwenyekiti akavua miwani.

"Miaka yote unatuuliza saa zetu mbaya. Ya kwako mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza," alisema. Ilikuwa kweli, na alijua pia kwamba anawaonea.

Mwoka mikate akasema tanuri atamwachia mdogo wake. Mwalimu akasema atabadilishana vipindi na mwenzake. Mkutano ukahamishiwa saa mbili asubuhi, na kazi yote ilichukua dakika nne. Dakika nne! Hilo lilimuuma kuliko yote.

"Nenda nyumbani sasa hivi," mwenyekiti alimwambia. "Muhtasari nitauandika mimi."

Alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia, mkoba ukimpigapiga ubavuni. Ilikuwa haijatimu saa kumi na nusu alipofika. Wifi alimfungulia mlango, akataka kusema neno, akaghairi, akampisha.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa vizuri, amechanwa nywele, kikombe cha chai kitupu pembeni. Alimtazama aliyeingia kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Karibu, dada. Unamtaka nani?"

"Nimekuja kukuona wewe, mama."

"Ahsante sana. Ila umekosa bahati, binti yangu hayupo. Kitindamimba wangu. Yuko mkutanoni." Bi mkubwa akatabasamu kwa fahari. "Wakubwa wote wa mji wanamtegemea huyo. Bila yeye hawakutani."

Mama akapapasa kiti cha pili, kile alichokuwa akikalia bintiye zamani saa hizo.

"Kaa umsubiri. Saa kumi huwa anarudi."

Akaweka mkoba chini, akakaa, wakamsubiri wote wawili.