Mstari wa Kumi na Sita

Torun alipopiga kelele nilidhani leza imemchoma. Nikatoka mbio chumba cha pampu, kitambaa chenye mafuta mkononi.

"Folke! Njoo upesi, na usiguse kitu!"

"Nije au nisiguse? Chagua moja."

"Punguza domo, tazama hapa."

Kwenye skrini mistari myeupe ilikuwa imejipanga kama meno ya kitana. Mimi nimeishia sekondari, kazi yangu ni pampu, mitungi ya gesi na vumbi, lakini ukikaa miaka miwili kwenye maabara hii ya chini ya ardhi utajua kuyasoma meno hayo. Leza kali inapigwa kwenye gesi ya agoni. Inaing'oa elektroni kwenye atomi yake, inaitupa mbali, halafu wimbi linageuka na kuirudisha mbio. Ikijibamiza nyumbani, atomi inatema mwanga mpya, ambao wimbi lake ni fupi mara kumi, hata mara ishirini, kuliko la leza yenyewe. Kila mstari una namba yake: kumi na tatu, kumi na tano, kumi na saba. Witiri tupu, zisizogawanyika kwa mbili. Elektroni inavutwa kushoto sawa na kulia, kwa hiyo shufwa zinafutana zenyewe. Ukiiona shufwa, ujue kuna kitu kimeegemea upande mmoja.

Na pale, katikati ya kumi na tano na kumi na saba, palikuwa na mstari.

"Kumi na sita," Torun alinong'ona. "Kwenye agoni tupu. Unajua maana yake?"

"Kwamba leo utanisemesha?"

Alicheka. Miaka minne ya masomo yake ya uzamivu ilikuwa haijampa tokeo hata moja la kujivunia, nami sikuwahi kusikia kicheko chake.

Huku Skåne, kusini mwa Sweden, watu si wabaya. Ni kwamba tu hawaanzi wao kukusemesha. Kwenye basi mtu husimama kuliko kukaa kando yako. Barua pekee niliyopata mwaka ule ilibandikwa kwenye mashine ya kufulia ya jengo letu: *Aliyeacha nywele, azitoe.* Maabarani nako, saa tisa kila mtu hupanda kunywa kahawa, nami hukaa mwisho wa meza, naulizwa kama maziwa yamebaki.

Basi mchana wa siku hiyo, Jumatatu, Torun aliteremka na kopo lake la chakula hadi chumba cha pampu. Mipira ya nyama, viazi baridi. Akanigawia nusu.

"Ijumaa saa tisa nawaonyesha wote," alisema, akipaza sauti kuishinda pampu. "Nimeshaagiza keki. Greger atameza sharubu zake." Greger ndiye profesa wetu.

"Afadhali hizo, hazina sukari kama keki."

"Wewe una wazimu, Folke. Mbona hukuniambia mapema kuwa unachekesha?"

Jumanne asubuhi nilifungua kabati nikitafuta bisibisi. Humo mlikuwa na kiboksi nilichokiandika kwa mkono wangu mwezi Oktoba: *Fuwele ya wageni.* Wageni walikuwa wamekuja na fuwele nyembamba kama ngozi ya kitunguu, inayogeuza sehemu ya leza nyekundu kuwa buluu. Walipoondoka niliambiwa niitoe kwenye njia ya leza. Vishikizi vilikuwa viwili, vya umbo la pete, vinafanana, nikachukua kimoja nikakifungia humo.

Nikakitoa kishikizi, nikakiinua kwenye taa, nikapitisha kidole katikati ya pete. Kikatokea upande wa pili.

Nilikuwa nimefungia hewa kabatini. Fuwele ilikuwa bado imo ndani ya boksi jeusi linalofunika njia ya leza, ikichanganya buluu kidogo na nyekundu. Ndiyo iliyokuwa ikiivuta elektroni upande. Torun hakugundua kitu. Aligundua uzembe wangu.

Nikafunga kiboksi. Saa sita akateremka na samaki wa moshi, akanisimulia habari za dada yake anayefuga nyuki. Nikamaliza samaki wake. Jumatano alileta supu, akaniuliza mimi nacheka na nani nyumbani. Nikamjibu, "Na redio, ila haijibu." Alhamisi akaniuliza kama nitakaa karibu naye kwenye kahawa. Usingizi haukuja.

Ijumaa saa nne nikamwekea ile pete tupu mezani.

"Nini hiki?"

"Fuwele ya wageni. Yaani haimo. Imo kule kwenye njia. Niliiacha mimi."

Akapitisha kidole katikati yake. "Umejua lini?"

Ulimi ulitaka kusema *leo*. "Jumanne."

"Jumanne kabla ya samaki?"

"Kabla ya samaki."

"Itoe," alisema. "Mwenyewe."

Nikafungua boksi, nikaitoa. Kwenye skrini mstari wa kumi na sita ukazimika, na wenzake hafifu wa kumi na nne na kumi na nane. Torun akavaa vipokea sauti vyake masikioni.

Saa tisa keki ya kijani ilikuwa mezani. Torun akasimama, akasema fuwele ilisahaulika kwenye njia ya leza na hakuna tokeo. Hakutaja aliyeisahau.

"Ni mimi," nikasema kutoka mwisho wa meza. "Niliacha fuwele, nikatunza hewa."

Greger akacheka mpaka sharubu zikaingia krimu. "Basi hiyo hewa itunze vizuri!" Wengine wakacheka, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Torun alikata keki, akapitisha sahani. Yangu ilinifikia baada ya kupitia mikono ya watu watatu.

Jumatatu iliyofuata, saa sita, nikasikia hatua zake zikikaribia. Akasimama mlangoni, kopo la chakula mkononi.

"Pampu ya pili, umebadilisha mafuta?"

Ningedanganya kuwa bado, angesubiri hapo na kopo lake.

"Nimeshabadilisha," nikajibu.

"Sawa," akasema, akapanda ngazi kwenda kula.