Wekundu na Wake Zao

Tangu anioe, Kalama hajawahi kuniletea nyanya zilizoiva zote. Ukimtuma soko la Garsen anarudi na mfuko ambao nusu yake utapika na nusu yake utamrushia mbwa. Soksi zake hazijawahi kufanana. Siku ya maziko ya mjomba wake alitoka chumbani na shati jekundu la kung'aa, ametulia kabisa, nikamuuliza kama anakwenda kumzika mjomba au kumwoza, maana shati jekundu namna ile hata bwana arusi angeliogopa. Alirudi ndani akabadilisha bila neno. Hivyo ndivyo tunavyoishi, yeye anakosea na mimi nasema. Watu wa kijiji chetu cha Chara wamezoea kusikia sauti yangu kabla hawajaniona.

Kwa hiyo nilipoitaka kazi ya kereng'ende, sikumtaka Kalama karibu nayo.

Kikundi chetu cha kuhifadhi mabwawa kilikuwa kinatafuta mtu mmoja wa kuongoza wageni wanaokuja kutazama kereng'ende. Wapo wageni wa namna hiyo. Wanapanda ndege, wanavuka bahari, wanafika huku wamejifunika kofia hadi shingoni, ili wamtazame mdudu ambaye mwanangu Nyevu humfunga uzi mkiani akamrusha. Mimi sikucheka sana, maana niliitaka ile nafasi kwa moyo wangu wote. Mafuriko yalipochukua shamba langu la ndizi kule Kilelengwani, mto uliniachia mchanga mtupu, na tangu siku ile nimekuwa mke wa Kalama, mama wa Nyevu, jirani wa fulani. Nilitaka beji yenye jina langu. Nilitaka mtu asafiri kutoka mbali, ashuke barabarani, aulize, "Zipporah yuko wapi?"

Mwalimu wetu aliitwa Christabel, mwanamke mpole aliyetoka Mombasa na wavu wa kitambaa chepesi kuliko chandarua. Alitufundisha kuanza na mbawa. Mdudu akitua akaziacha wazi pande zote, huyo ni kereng'ende hasa. Akizikunja zikalala mgongoni, huyo ni yule jamaa yake mwembamba ambaye sisi tulimwita sindano. Kisha macho: ya kereng'ende yanakaribia kugusana juu ya kichwa, ya sindano yamekaa mbalimbali, kila moja upande wake, kana kwamba yamenuniana. Tulijifunza kumkamata kwa mbawa katikati ya vidole viwili, kumtazama, na kumwachia aende zake.

Mafunzo yalikuwa ya watu wawili wawili, mmoja wa wavu na mmoja wa kutaja. Mwenzangu Janet alipohamia Malindi, nikabaki peke yangu, ndipo nikamkokota Kalama.

"Kazi yako ni kubeba wavu na kuvumilia jua," nilimwambia.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mwenye akili."

"Basi wavu ndio mzito," akasema, akaubeba.

Nilikuwa hodari, naomba nijisifu. Macho yangu yalikuwa mepesi. Kabla wengine hawajageuza shingo, mimi nimeshasema: yule mwekundu, yule wa buluu ya vumbi, yule wa njano anayeelekea kahawia, yule mwenye mabaka meusi kwenye mbawa ambaye hufuata miguu ya watu na ng'ombe ili ale wadudu wanaoruka. Kalama kazi yake ikawa kuuliza.

"Huyo wa rangi gani?"

"Mwekundu, Kalama. Mwekundu kama pilipili. Au macho umeyaacha nyumbani yalinde kuku?"

Alikuwa anacheka, anaingiza wavu kwenye matete, na baada ya muda anauliza tena. Nilidhani ananichokoza, nami nilimjibu kwa kipimo kilekile.

Siku moja alisimama muda mrefu ukingoni mwa dimbwi, kisha akaninyooshea kidole. "Yule na yule ni aina moja."

Nikatazama. Mmoja alikuwa juu ya tete, mwekundu wa kuwaka. Mwingine alikuwa chini yake, rangi ya nyasi kavu. Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Basi na mimi na ng'ombe wa jirani yetu Godhana ni aina moja," nikamwambia.

"Wanakaa vilevile," akasema. "Mbawa wanazisukuma mbele, mkia wanauinua juu jua likiwa kali. Wakifukuzwa wanarudi kwenye tete lilelile. Na huyu wa chini akishuka kutaga mayai majini, yule mwingine anaruka juu yake, anamlinda."

"Kalama."

"Naam."

"Beba wavu."

Siku ya mtihani tulikutana dimbwini jua lilipokwisha kupanda, kwa sababu asubuhi ya baridi kereng'ende haamki mapema hata kwa mtihani. Wa kupimwa walikuwa watatu. Mimi nilikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Valary, binti wa Garsen aliyemaliza chuo na ambaye simu haikumtoka mkononi. Mwalimu akataja wa tatu, na wa tatu akawa mume wangu.

"Wewe?" nikamuuliza kando.

"Mwalimu ameniomba."

"Na ukashindwa kukataa."

"Sikujaribu," akasema.

Mwalimu alimzungusha kila mtu peke yake kandokando ya maji, amtajie aina anazoziona. Mimi nilitaja nyingi kuliko wote, nikarudi nimeinua shingo. Tulipokusanyika, mwalimu alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Mama Zipporah, una macho ya mwewe," akasema. "Lakini umevunja ndoa za dimbwi zima."

Akaeleza. Kwa kereng'ende wengi, mume na mke hawavai sare. Mume ni mwekundu, mke ni rangi ya nyasi kavu, na kijana wa kiume huvaa nguo za mama yake mpaka akomae. Kila wanandoa mimi nilikuwa nimewahesabu aina mbili, na pale walipokuwa na kijana wao, aina tatu. Valary alikuwa amevunja nusu ya ndoa zile. Kalama hakuvunja hata moja.

Mtu niliyemleta abebe wavu alikuwa anaondoka na beji yangu, na hata kujisifu hakujisifu, kitu ambacho angalau ningekijibu. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Kila mtu angepewa mdudu mmoja mkononi amweleze kana kwamba mbele yake yupo mgeni. Mwalimu alisema sehemu hii ina uzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa mgeni halipi nauli aje kutajiwa majina. Kisha akatoa onyo: mtu akiwa mbele, wengine kimya, na atakayemsaidia mwenzake kwa neno lolote amejitoa mwenyewe.

Nilikwenda mbele na kereng'ende wangu wa buluu, nikamweleza vizuri sana, na mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha. Valary alieleza alichojua, na kila alipofika asipopajua alisema, "Hapo sijui, mwalimu." Mara ngapi, sikumbuki, lakini zilitosha kunipa matumaini.

Ikaja zamu ya Kalama. Akapewa mmoja kutoka kwenye wavu, akamshika mbawa kwa adabu. Akaeleza macho yanavyokutana, akaeleza tumbo lililo pana na bapa, mishipa ya mbawa, jinsi anavyochagua tete lake na kuligombania. Alieleza hadi mimi niliyekasirika nikasahau kidogo kwamba nimekasirika.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Na mgeni akikuuliza ni wa rangi gani?"

Kalama alimtazama mdudu. Akamgeuza, akamtazama tena. Kisha akainua macho akanitazama mimi.

Jicho lile nalijua. Nimeliona mlangoni mwa chumba akiwa na shati mkononi. Nimeliona sokoni, amechutama mbele ya fungu la nyanya. Siku zote nilidhani ni jicho la mtu anayeuogopa mdomo wangu. Pale dimbwini, mdomo wangu ukiwa umefungwa kwa amri ya mwalimu, nikaelewa kwamba ni jicho la mtu anayeungoja. Alikuwa haoni nyekundu. Hakuwahi kuiona. Miaka yote nilikuwa nikimwambia dunia ina rangi gani, nami nikidhani ninamkosoa.

Na sasa alikuwa amekwama, na nikikaa kimya, beji ni yangu. Sitasema uongo, niliitaka bado. Niliitaka zaidi kuliko asubuhi. Nilihesabu hata nitaibandika kwenye gauni gani. Lakini alikuwa amesimama pale mbele ya watu na mdudu mkononi, peke yake, hana wa kumtania, na hilo sikuliweza.

"Mdudu mwekundu hivyo, babake Nyevu," nikasema kwa sauti, "mwekundu hadi miguu, na wewe unamkodolea macho kama mkwe aliyekuja bila taarifa?"

"Mama Zipporah," mwalimu akasema. Kwa neno lile nilikuwa nimeshajitoa.

Kalama alibakiwa na neno moja tu la kusema, nalo nilikuwa nimeshamtilia mdomoni. Badala yake alifungua vidole, mdudu akaondoka.

"Mwalimu, mke wangu akisema ni mwekundu, ni mwekundu," akasema. "Mimi simwoni. Nyekundu, kijani, kahawia, kwangu ni ukoo mmoja. Ndiyo maana yule wa nyasi kavu hakunidanganya. Mgeni akiniuliza rangi itabidi nimwite yeye kila mara. Kazi mpe yeye."

Naamini mwalimu alitafuta njia. Lakini onyo alilitoa mwenyewe mbele ya watu watatu, hangeweza kulimeza mbele ya watatu walewale. Na wageni huuliza rangi kabla ya jina. Akamgeukia Valary.

"Mimi?" Valary akasema, simu ikashuka. "Wueh. Si hata nilikosa nusu?"

"Ulikosa nusu, na usichokijua ulisema hukijui. Mtu huyo ninaweza kumfundisha."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, hatuna beji hata moja kati yetu. Nililia njiani, kwa hasira kwanza, halafu kwa uchungu tu, kwa sababu jina langu lilikuwa limekaribia kuandikwa. Kalama alipunguza mwendo mpaka nikamaliza.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka yote hii, mtu na mkewe."

"Ningekuambia, ungeacha."

"Ningeacha nini?"

"Kunitania. Ungeanza kuniambia polepole, hili ni jekundu, baba, hili si jekundu, kama unamlisha mgonjwa uji. Nisingeweza kuishi hivyo, mamake Nyevu. Nilizitaka kelele."

Nilikosa la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari ya kutangazwa kanisani. Kalama akatangulia na wavu begani. Baada ya hatua chache akageuka kunitazama, kisha akageuka tena, na nikaona anaogopa. Alifikiri kimya changu ndio mwanzo, kwamba kuanzia leo atalishwa uji.

"Angalia siafu," nikamwambia. "Wekundu, wamejaa njia nzima, hapo hapo mbele ya mguu wako."

Akaruka juu na wavu wake, akaangukia kwenye nyasi, akaanza kujipangusa miguu yote miwili kwa haraka. Hakukuwa na siafu hata mmoja.