Kesi ya Nabututu

Lornah alifurahi sana kupata nafasi ya mafunzo ya kazini, lakini alipoambiwa ni kiwanda gani, furaha ikayeyuka. Kilikuwa kiwanda cha minofu ya samaki hapo hapo Kisumu, na humo ndimo alimofanya kazi baba yake, Zadock Obiero. Tena Zadock hakuwa mfanyakazi hivi hivi. Alikuwa mwakilishi wa wenzake, mtu ambaye akikohoa tu, wakuu hugeuka kutazama kuna nini. Naye Lornah, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea usimamizi wa wafanyakazi na mahusiano kazini, alipangiwa meza upande ule mwingine: ofisi ya mkuu wa wafanyakazi, Bwana Gordon Amolo.

"Tukiingia getini, mimi si baba yako," Zadock alimwambia asubuhi ya kwanza. "Na wewe si binti yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kesi ya Nabututu ilipozuka. Huyu alikuwa mmoja wa akina mama waliokata minofu ya mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, na alikuwa ametoka likizo ya uzazi majuzi tu. Mtoto alimwacha mtaani Obunga kwa dada yake, lakini mtoto mwenyewe alikataa katakata maziwa ya chupa. Basi kila adhuhuri dada mtu humleta mpaka langoni, Nabututu akatoka mara moja, akamnyonyesha, akarudi. Msimamizi wake alijifanya haoni.

Siku moja yakaja malori mengi ya samaki kwa mpigo, na msimamizi akatangaza kwamba hakuna kuondoka mezani. Nabututu akamsikia mwanawe akilia kule nje. Akavumilia, akavumilia, mwisho akavua glavu akatoka. Aliporudi, mahali pake palikuwa na mtu mwingine.

Kesho yake Bwana Gordon alimpa Lornah barua ya kumfukuza Nabututu, aipige taipu. Lornah akaisoma, vidole vikasita. Chuoni walikuwa wamefundishwa, tena wakafundishwa upya, kwamba mfanyakazi hafukuzwi kabla ya kuitwa, kuelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujibu.

"Bwana Gordon," alisema polepole, "huyu mama ameitwa akajieleza?"

Gordon akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alianza kazi kama karani mdogo, akapanda kwa jasho, na kila hatua aliyopanda aliogopa kuteremshwa. "Lornah, aliacha samaki mezani. Wakioza, Bwana Gurmit mwenye kiwanda hataniuliza mambo ya darasani. Piga barua."

Lornah akapiga. Barua ilitoka safi, bila kosa hata moja, na kwa sababu hiyo ilimkera zaidi.

Habari zilipoenea, wafanyakazi waliweka visu chini. Walitoka nje na makoti yao meupe na gambuti zao, wakakaa uwanjani, na Zadock akapanda juu ya kreti akahutubia. Alidai Nabututu arudishwe. Kisha, makofi yalivyozidi, madai nayo yakazidi: glavu zisizovuja, kazi ya ziada isiwe ya lazima, msimamizi aondolewe. Lornah alimtazama kupitia dirishani, akajivunia na kuogopa kwa pamoja.

Gordon alikuja akasimama nyuma yake. "Wewe na Zadock mnalala nyumba moja," alisema kwa sauti ya chini. "Jioni ukisikia wamepanga kufika wapi, nijulishe. Ukimaliza chuo, nafasi hapa haitakukosa."

Lornah akamgeukia. "Bwana Gordon, nikikuletea maneno ya nyumbani, kesho nitapeleka nyumbani maneno ya hapa. Mtu kama huyo hutamtaka ofisini."

Gordon akarudi mezani kwake.

Jioni hiyo, nyumbani kwao mtaani Kaloleni, hata ugali haujatengwa, Zadock akaanza. "Sasa nyara, niambie," alisema, maana hivyo, yaani 'binti yangu' kwa Kijaluo, ndivyo alivyomwita bintiye alipotaka kumbembeleza. "Gurmit anasema nini huko ndani? Ana mzigo wa kusafirisha wiki hii? Anaogopa?"

"Baba, siwezi kukuambia."

"Huwezi?" Zadock akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Nimekusomesha kwa mikono hii inayonuka samaki, leo unanifichia siri za tajiri?"

"Mwache mtoto, Zadock," alisema Selpha, mama yake Lornah, akiwa jikoni.

"Bwana Gordon pia aliniuliza habari zako," Lornah alisema, machozi yakimlenga. "Naye nimemnyima."

Zadock akanyanyuka, akaingia chumbani. Usiku huo hakula pamoja nao.

Asubuhi mkutano ukaitishwa. Upande mmoja alikaa mwenye kiwanda, Bwana Gurmit, mzee Kalasinga aliyezaliwa papo hapo Kisumu, pamoja na Gordon. Upande wa pili Zadock na wenzake wawili. Lornah aliwekwa kwenye ncha ya meza kuandika kumbukumbu. Walivutana weee. Gurmit alikuwa tayari kumrudisha Nabututu, lakini kama mfagiaji. Zadock akasema ama madai yote, ama hakuna atakayeshika kisu. Gordon akataja kanuni. Sauti zikapanda.

Mwishowe Gurmit akachoka. Akamgeukia Lornah. "Wewe msichana, si nasoma hii mambo huko university? Mwalimu yako nasema nini?"

Lornah akamtazama baba yake, lakini baba alikuwa anatazama meza. Akainuka, kalamu mkononi.

"Mwalimu husema anayefukuzwa asikizwe kwanza," alisema. "Tangu asubuhi tunamzungumzia Nabututu, lakini hayuko humu. Sijui kama kuna mtu hapa aliyemuuliza mwenyewe anataka nini."

Gordon akajikuna shingo. Zadock akafungua mdomo, kisha akaufunga. Hapo Lornah akatambua kwamba hata baba yake hakuwa amemuuliza.

Nabututu akaitwa kutoka uwanjani. Aliingia na mtoto mgongoni, amejitanda leso, akakataa kuketi.

"Nilimwambia supavaiza mtoto analia," alieleza. "Akasema ngoja samaki iishe. Maziwa ikaanza kutoka yenyewe, ikalowesha nguo, wanaume wakacheka. Ndio nikatoka."

"Unataka nini, Mama?" Gurmit aliuliza.

"Nirudi kwa meza yangu. Na mahali pa kunyonyeshea, si pale kwa lango lori zikipita na kila mtu akiangalia. Hata ile stoo ya gambuti ni sawa."

"Na glavu je?" Zadock akadakia. "Na kazi ya ziada?"

Nabututu akamgeukia kwa heshima. "Mzee Zadock, asante umenisimamia. Hizo pia ni za kweli. Lakini usizifunge pamoja na mtoto wangu. Zikikataliwa, mimi nitakaa nyumbani mpaka lini?"

Zadock akapangusa paji la uso. Akaomba nafasi, akatoka na wenzake. Waliporudi, alisema kwa sauti ambayo Lornah hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayemeza kitu kigumu, kwamba suala la Nabututu limalizwe leo peke yake, na mengine yapangiwe mkutano wake. Gurmit akakubali. Nabututu angerudi mezani kwake, stoo ingesafishwa, na mama yeyote anayenyonyesha angepewa muda wake adhuhuri.

Kule uwanjani si wote waliofurahi. Walikuwapo waliomzomea Zadock, wakasema amenunuliwa kupitia kwa binti. Naye Gordon, mafunzo yalipokwisha, alimwandikia Lornah ripoti ya baridi: ana elimu, lakini hana utii. Habari ya nafasi ya kazi haikutajwa tena.

Lakini hayo ya ripoti yalikuja baadaye. Siku ile ya mkutano Zadock alifika nyumbani amenyong'onyea, akakaa sebuleni bila hata kuvua viatu.

"Pole, Baba," Lornah alisema. "Nimesikia walivyokutukana."

"Wacha watukane. Kinachoniuma si hicho." Akainama, akavua kiatu kimoja. "Mama yule nilimpeperusha kama bendera. Sikumuuliza hata mtoto anaitwa nani."

Lornah akaketi karibu naye.

"Mkutano wa glavu unakuja," Zadock akaendelea. "Nitauendeshaje?"

"Ya ofisini bado siwezi kukuambia, Baba."

"Sijauliza ya ofisini. Nauliza ya darasani."

Lornah akacheka, mara ya kwanza tangu mgomo uanze. "Ya darasani ni ya kila mtu," alisema, akavuta kiti mbele yake, akaanza kumweleza. Zadock alisikiliza, akabisha, akauliza tena. Selpha akaita chakula, nao wakajibu kwa pamoja, "Sasa hivi," wala hakuna aliyeinuka.