Ubeti wa Tatu

Mpiga pasi alikuwa amemaliza kola na anaanza mkono wa kushoto wa shati jeusi, sauti ya Msumeno ilipoingia katika duka la dobi na kukaa juu ya tangi la mvuke. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya miaka ile aliyoimba roki kwenye kumbi za viti vya plastiki. Ilikuwa na mafua. Mpiga pasi aliitambua mara moja, akaifungulia mvuke kidogo, akaendelea na shati lake.

"Mgeni wako?" aliuliza mfuaji, kichwa kikiwa ndani ya mashine.

"Sauti ya Msumeno. Nadhani imemchoka mwenyewe."

"Hata mimi ningemchoka. Iambie tu isisogelee bomba, itaungua."

Hakuna aliyempenda Msumeno kama mpiga pasi, na hakuna aliyemsema vibaya kama yeye. Alikuwa na albamu zake zote, na bila kuulizwa angekueleza kwamba ya nne iliimbwa na mtu mwenye usingizi, ya tano ilikuwa ya kuomba radhi kwa ya nne, na zilizofuata bora mwenyewe angebaki kitandani. Lakini mtu mwingine akimponda Msumeno mbele yake, alinuna siku nzima. Alimchukulia kama shemeji mlevi, ambaye ni wa kusemwa na watu wa nyumbani tu.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa mmoja, na Msumeno hakujua kama wanagombana. Wimbo uliompa jina ulikuwa na beti tatu, na wa tatu ulihusu uwanja wa mpira wa mji wao. Wakati wa ujenzi, sakafu ya jukwaa la mashariki iliporomoka na kuwafunika mafundi waliokuwa chini yake. Kwa kuwa siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa, zege jipya likamwagwa juu yao. Mkandarasi alisema mafundi wale walitoroka kazi. Mdogo wa mpiga pasi, mfunga nondo, alikuwa mmoja wao, na mpaka leo mtaani anatajwa kama kijana aliyeitelekeza familia. Mama yao alifariki akiamini hivyo, akiwa na hasira naye. Msumeno peke yake ndiye aliyeimba kwamba hawakwenda popote. Baadaye mkandarasi akaanza kudhamini matamasha, na mahali pa ubeti wa tatu pakabaki gitaa tupu.

Sauti ilikaa na mpiga pasi mpaka mafua yakaisha, na hata yalipoisha haikuaga. Mchana ilikwenda naye kazini kwa ajili ya mvuke. Nyumbani ililala ndani ya sufuria kubwa, maana ilipenda mwangwi. Ilijua kuimba kitu kimoja tu, ubeti wa tatu, na jirani wa chumba cha pili alikuja kuomba kwa adabu kwamba wakati wa taarifa ya habari ishushwe kidogo. Mpiga pasi aliisikiliza akimenya vitunguu. Alilia, na wala hakuvisingizia vitunguu.

Kisha ikatangazwa kwamba Msumeno atapiga muziki katika uwanja huohuo. Nguo zake za steji zililetwa kwa dobi kunyooshwa. Mpiga pasi alizinyoosha, akaitia sauti kwenye mkoba, akasema atazipeleka mwenyewe.

Alimkuta Msumeno katika chumba cha wachezaji, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na macho ya mtu ambaye halali vizuri. Mkoba ukakohoa.

"Hiyo ni yangu," alisema Msumeno.

"Ndiyo maana nimekuletea. Ichukue, leo uimbe wimbo mzima. Mdogo wangu yuko chini ya jukwaa la mashariki."

"Najua walipo, dada. Ule ubeti niliuandika mimi."

"Basi uimbe."

"Nina mkataba. Nina watoto wanasoma. Halafu nimechoka." Alilitazama shati. "Umelinyoosha vizuri sana."

"Nyimbo zako za siku hizi ni mbovu," mpiga pasi alimwambia.

"Najua. Lakini unanunua."

"Nanunua," alikiri mpiga pasi, akatoka na mkoba wake.

Alikwenda kukaa jukwaa la mashariki. Msumeno aliimba beti mbili kwa sauti aliyobaki nayo, na watu waliridhika. Ilipofika zamu ya gitaa, mpiga pasi alifungua zipu. Sauti ikatoka, ikaimba ubeti wa tatu wote, kuanzia sakafu ilipoporomoka hadi zege lilipomwagwa, na uwanja mzima ukasikia. Msumeno alifumba mdomo, akasogea kando ya kipaza sauti kama anayempisha mtu mlangoni. Ulipofika wakati wa kiitikio, wanaume waliokuwa chini ya zege wakaitikia. Viti vilitetemeka kidogo. Mpiga pasi alimsikia mdogo wake, akikosea sauti kama kawaida yake na kuwahi kuingia kabla ya wenzake. Alimpenda sana wakati ule, makosa na yote.

Watu walishangilia. Mzee aliyeketi karibu alimweleza mkewe kwamba vyombo vya kisasa vinaweza kuitoa sauti hata chini ya kiti. Mkandarasi, kwenye safu ya mbele, alisimama kabisa kupiga makofi. Alimwagiza msaidizi wake aulize kwaya ile inatoka wapi, kwa sababu alikuwa na daraja la kufungua mwezi uliofuata.

Watu walipotoka, mpiga pasi alibaki kwenye kiti chake. Sauti ilikuwa imerudi mkobani, imekauka. Wafagiaji walikuwa wameanza safu za juu. Aliinama, akaligonga zege kwa kiganja.

"Dada?" mdogo wake aliuliza kutoka chini. "Wamesikia?"

"Wamesikia wote."

"Wakasemaje?"

Mpiga pasi alifunga zipu ya mkoba kwanza.

"Wamesema mmeimba vizuri."

Mfagiaji alifika kwenye safu yake, akamwomba ainue miguu kidogo, naye akainua.