Kukaanga au Kutumbukiza

Nesi alikuwa amezamisha mikono yote miwili kwenye bakuli la nyama ya kusaga, anakanda. Nyama ilikuwa imeshakandika. Vitunguu vilishapotelea ndani, mkate uliolowekwa maziwa ulishashikana na nyama, mayai yalishasahaulika. Mtu mwingine angenawa, akapaka viganja mafuta kidogo na kuanza kuviringisha. Yeye aliendelea kukanda, kwa sababu akimaliza kukanda ataviringisha, na akimaliza kuviringisha itabidi achague, na akichagua atampoteza mama mmoja.

Mama zake walikuwa wawili, na wote walikuwa mle jikoni. Mama aliyemzaa alifariki yeye angali mdogo. Dada wawili wa marehemu, Mama Mkubwa na Mama Mdogo, ndio waliomlea kwa kupokezana, huyu akinunua viatu, yule akisuka nywele, wote wakichapa. Walimsomesha mpaka akawa nesi, na tangu siku ile hawakumwita kwa jina lingine. Sasa Mama Mkubwa alikuwa amekaa karibu na kikaango. Mama Mdogo alikuwa amekaa karibu na sufuria ya mchuzi wa nyanya, uliokuwa ukitokota taratibu. Walikuwa wamepeana visogo.

Ugomvi wao ulihusu mipira ya nyama. Mama Mkubwa alishikilia kwamba mpira lazima ukaangwe kwanza, ushike rangi, ndipo uingie kwenye mchuzi. Mama Mdogo alishikilia kwamba mpira unatumbukizwa mbichi, uivie humohumo. Walikuwa hawasemeshani miaka mingi kwa sababu hiyo. Ukimweleza mtu wa nje, anacheka. Kisha anaulizwa yeye mwenyewe yuko upande gani, anaacha kucheka.

Ukoo mzima uligawanyika. Kulikuwa na Wakaangaji na kulikuwa na Watumbukizaji. Aliyeoa alihojiwa mke wake anapikaje kabla hata ya kuulizwa mke anaitwa nani. Wapo ambao nyama hawaigusi kabisa, lakini upande walikuwa nao.

Na kesho mchana wazazi wa mchumba wa Nesi wangekuja kula na kupanga tarehe ya harusi. Mama Mkubwa alishatamka kwamba ikitumbukizwa, yeye atakula kwake. Mama Mdogo alishatamka kwamba ikikaangwa, hata kizingiti hatakanyaga. Nesi alitaka jambo moja tu: wageni wakiingia, wawakute mama zake wote wawili wamekaa upande mmoja wa meza. Aliwahi kupendekeza kuku. Walimtazama kana kwamba ametukana kaburi.

"Nesi," alisema Mama Mkubwa, "mwambie huyo aliye karibu na mchuzi asogeze kiti. Nataka kuwasha moto chini ya kikaango."

"Mwanangu," alisema Mama Mdogo, "mwambie huyo mwenye haraka kwamba hapa hakikaangwi kitu. Akakaange kwake."

"Kwangu nakaanga, na sijasikia mtu akilalamika."

"Watalalamikaje na mdomoni wana kokoto? Mwambie hivyo."

"Bora kokoto. Kuna watu wakipika, mgeni anauliza kama hiyo ni supu. Mwambie."

Nesi hakumwambia mtu. Walikuwa wanasikiana vizuri tu, mwiko ungeweza kuwafikia wote wawili bila mtu kunyanyuka.

Mlangoni pakasikika kikohozi. Alikuwa Mjomba, kaka yao, aliyestaafu ukarani wa mahakama lakini mahakama ikakataa kumtoka. Hata chai alikuwa haombi bila kukohoa kwanza.

"Nimezisikiliza pande zote mbili," alisema.

"Umetusikilizia wapi?" aliuliza Mama Mkubwa. "Si ulikuwa sebuleni unakoroma?"

"Nimesikiliza nikiwa sebuleni. Uamuzi ni huu: nusu ikaangwe, nusu itumbukizwe. Mabakuli mawili, meza moja, kila mgeni ajipakulie apendavyo."

Ulikuwa uamuzi mzuri, na kwa muda mfupi Nesi aliacha kukanda.

"Bakuli lipi litakuwa mkono wa kulia wa mgeni?" aliuliza Mama Mdogo.

Mjomba akakohoa tena. "Tuseme... la kukaanga kulia kwa baba, la kutumbukiza kulia kwa mama."

"Na nani anapakuliwa kwanza?"

Mjomba akajifuta jasho. Kisha akafanya kosa ambalo hata mahakamani alikuwa halifanyi, akasema ukweli. "Jamani, mama yetu alikuwa anakaanga mafuta yakiwepo. Yakiisha, anatumbukiza. Dada, wewe umekua baba akiwa na kazi. Wewe mdogo wangu umekua kazi imeota mbawa. Ndiyo hadithi yote hiyo."

Mchuzi tu ndio uliokuwa ukinong'ona.

"Kwa hiyo mama yetu alikuwa hana msimamo?" waliuliza wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akiuuliza ukuta wake.

Mjomba akakohoa, akasema uamuzi utatolewa upya kwa maandishi, akarudi sebuleni. Haukupita muda akasikika akiuandaa kwa kukoroma.

Nesi akarudi kwenye bakuli lake. Viganja vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa anafikiria kuongeza kitunguu kingine, apate cha kukatakata, pale Fundi Bomba alipobisha hodi.

Fundi Bomba ndiye mchumba mwenyewe. Jina hilo alipewa na kazi yake, naye hakuona sababu ya kulikataa. Alikuwa amekuja kuziba bomba la sinki lililokuwa likidondosha maji, maana Nesi hakutaka kesho baba mkwe alione.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mkwe," walijibu kwa pamoja, wakakunja nyuso kwa kujikuta wamejibu pamoja.

Akaweka mfuko wa vifaa chini, akalala chali, akaingiza kichwa na mabega chini ya sinki. Nesi aliona mama zake wakigeuza shingo kuitazama miguu yake iliyobaki nje. Akajua kinachokuja. Akajaribu kumkonyeza, lakini mtu aliye chini ya sinki hamwoni mchumba wake macho.

"Mkwe wangu," Mama Mkubwa aliita kwa sauti ya asali, "hivi kwenu mipira ya nyama mnaikaanga kwanza, siyo?"

"Au mnaitumbukiza," alisema Mama Mdogo, "kama watu wastaarabu?"

Nesi akamkanyaga mguu.

"Samahani," alisema Fundi Bomba, akaukunja mguu ampishe. "Sisi? Sisi tunaoka."

"Mnafanya nini?"

"Tunaoka. Mama anaipanga kwenye trei, anaisukumia kwenye oveni. Ikishaiva anaimwagia mchuzi juu. Haina kazi kabisa."

Tone la maji likaanguka kwenye ndoo. Nesi alifumba macho akangoja dunia imalizike. Alipoyafumbua, Mama Mkubwa alikuwa amegeuza kiti. Hakikutazama ukuta tena, kilimtazama mdogo wake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada," alisema Mama Mdogo.

Neno hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwake muda mrefu, na lilitoka limekwaruza kidogo, kama kitasa cha chumba cha wageni.

"Oveni."

"Kama mkate."

"Halafu mchuzi anaumwagia juu. Anamwagilia maua?"

"Mimi kukaanga sikupendi, dada, unanijua. Lakini anayekaanga si anasimama pale? Anageuza. Anarukiwa na mafuta."

"Na wewe wa kutumbukiza unakaa na sufuria yako, unaitikisa, unaichungulia. Hilo siwezi kulikana. Sasa huyu mwenzetu anafunga mlango, anakwenda kutazama televisheni!"

"Na mtoto wetu ndiye anakwenda kukaa nyumba hiyo."

Wakamtazama Nesi kwa huruma, kama mgonjwa ambaye majibu yake yametoka.

"Ila kesho hamtahangaika sana," ilisema sauti chini ya sinki. "Mama kasema haji mikono mitupu. Anakuja na trei yake."

Mama Mdogo akanyanyuka, akabeba kiti chake, akakiweka ubavuni mwa kiti cha dada yake.

Kilichowashinda hao wawili miaka yote, na kikamshinda Mjomba na mahakama yake, kilimalizika kabla mchuzi haujahitaji kukorogwa tena. Mipira itakaangwa kidogo, rangi tu ishike. Halafu itatumbukizwa ikiwa mbichi katikati, iivie kwenye mchuzi. Mama Mkubwa alisema kidogo maana yake kidogo. Mama Mdogo alisema rangi ni rangi, hakatai. Walikuwa wanashikana mikono wakizungumza.

"Lete nyama tuviringishe," alisema Mama Mkubwa. Akatia kidole kwenye bakuli, akashtuka. "Mwanangu, umeifanya nini hii?"

Mama Mdogo naye akabonyeza. "Imekandwa mpaka imekata tamaa. Ikienda motoni hivi inakuwa mpira wa kuchezea. Iache ilale kwenye friji. Kesho alfajiri tunaamka wote watatu."

"Na kuhusu tarehe ya harusi?" aliuliza Nesi.

"Tarehe itategemea," alisema Mama Mkubwa.

"Itategemea nini?"

"Huyo mama atakavyokunja uso akionja ya kwetu," alisema Mama Mdogo.

"Au asipoukunja," alisema Mama Mkubwa, na wakacheka kicheko kimoja.

Fundi Bomba alitoka chini ya sinki akiwa na nywele mbichi. Alisema kuna kipande kimekwisha na dukani wamefunga, kwa hiyo bomba nalo mpaka kesho. Nesi akamsindikiza hadi mlangoni, mikono yake bado ina mafuta ya nyama.

"Nimeharibu?" alinong'ona Fundi Bomba. "Mbona wamenitazama vile?"

"Umepatanisha ukoo."

"Sasa mbona huna furaha? Ngoja nimwambie mama aiache hiyo trei. Nitamwambia huku chakula kipo tele."

Nesi aligeuka kutazama jikoni. Vichwa viwili vyenye mvi vilikuwa vimeinamiana juu ya meza, vikipanga nani atakaa wapi, na mama mkwe awekwe kiti kipi ili ayaone mabakuli vizuri. Visogo havikuonekana.

"Hapana," alisema. "Mwambie aje nayo. Ile kubwa kuliko zote."

Akarudi ndani, akafunika bakuli kwa sahani, akasogeza maziwa na kuliingiza kwenye friji. Kisha akazima moto chini ya mchuzi.