Mjukuu wa Jumbe

Albano alikuwa karani wa bohari, na Temeke nzima ililijua hilo, maana hakuacha mtu apite bila kumwambia. Mkewe, Yustina, alishachoka naye. Mwaka ule wa 1951 Romani, mchonga vinyago, alipoleta posa ya binti yao Avelina, Albano alivimba, akasema hamwozi mwanawe kwa mtu asiye na ukoo. Yeye ni mjukuu wa jumbe, bwana! Jumbe gani, wa wapi, Yustina hakuwahi kuambiwa. Avelina alilia siku tatu, na chakula akakisusa.

Ili awakomeshe, Albano akamwandikia padre wa misheni ya kwao kusini amnakilie yaliyomo katika kitabu cha ubatizo kuhusu babu yake. Barua ilipofika hakuifungua. Ifunguliwe mbele ya wazee wa pande zote mbili, alisema, pasiwe na wa kudai kaichezea. Yustina akamshauri aichungulie kwanza, akaambiwa mambo ya koo si ya wanawake. Haya, shauri yako, akajisemea, akaenda kuchemsha chai.

Jumapili baada ya misa wakajaa sebuleni. Mzee Gregori, baba mkubwa wa Romani, alitandikiwa mkeka. Viti vilikuwa vya upande wa Albano, aliyevaa koti na joto lote lile. Katekista Audax akachana bahasha, akasoma kwa sauti ileile ya matangazo ya kanisani. Babu yake Albano alibatizwa akiwa mtoto wa miaka kama sita, aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa. Baba hajulikani. Mama hajulikani. Kabila halijulikani. Alilelewa nyumbani kwa msimamizi wake wa ubatizo, na huyo msimamizi alikuwa babu yake Romani, baba mzazi wa Mzee Gregori.

Albano aliichukua barua, akaigeuza nyuma, kana kwamba jumbe kajificha huko.

Yule mtoto wa msafarani Yustina alimwonea huruma kwelikweli. Kwa mwenye koti hakuwa nayo hata chembe.

"Haya tuambie, mjukuu wa jumbe," Yustina alisema. "Posa unaikubali?"

Albano alitazama viatu vyake. Sasa mwenye haki ya kukataa alikuwa Gregori, na kila mtu alilijua hilo. Mzee yule alimaliza chai yake taratibu.

"Babu yako alipoletwa, sie hatukumwuliza ukoo," alisema. "Na wewe hatukuulizi. Mwite binti."